Mrejesho: andiko la ufadhili wa utafiti kuhusu Wasikh

Wakuu, niliuliza namna ya kuandaa andiko la ufadhili kwa mtafiti anayeanza, mada ikiwa janamsakhi, yaani visa vya maisha ya Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Wasikh. Andiko limepita mchujo wa kwanza, bado usaili.

Kilichobeba ni kubana mada. "Utamaduni wa Kipunjabi" ni bahari. Wapitiaji wanataka kujua hati ipi, iko wapi, utaisomaje. Imebaki hati moja: janamsakhi iitwayo B40, ya mwaka 1733, iliyoko British Library, London, pamoja na picha zake.

Suala la kusoma lipeni aya nzima. Kujua Gurmukhi ya leo, yaani mwandiko wa Kipunjabi wa Wasikh, hakutoshi, kwani hati za kale ni larivaar: maneno yameshikana mstari mzima bila nafasi, na ukikata silabi pasipo pake unapata neno jingine kabisa. Vyanzo vikiwa Lahore, Pakistan, tengeni muda wa kujifunza Shahmukhi, mwandiko wa Kipunjabi wa huko, unaoandikwa kulia kwenda kushoto. Tarehe nazo ni za Bikrami, kalenda ya kale ya India: B40 inasema 1790, unatoa 57 kupata mwaka wetu. Kwa tukio la Januari hadi katikati ya Machi, toa 56.

Kabla ya kuweka nauli kwenye bajeti, pekueni Panjab Digital Library ya Chandigarh; hati nyingi ziko mtandaoni tayari.

Kipengele cha maadili huandikwa kivivu mno. Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Wasikh, huheshimiwa kama Guru aliye hai: vueni viatu, nawani mikono, funikeni kichwa, na kamera isitoke kabla ya ruhusa ya gurdwara, yaani hekalu la Wasikh, iwe Amritsar kule India au Makindu hapa Kenya.