Programu yangu inapoteza jozi tatu za namba tasa pacha

Mwalimu wa Mpwapwa
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha hisabati kidato cha tatu huku Mpwapwa. Juzi tulitafuta ubaoni namba tasa pacha, zile zinazopishana kwa mbili kama 11 na 13. Chini ya 100 tulipata jozi 8. Usiku nikaandika programu kwa lugha ya kompyuta ya Python: inapanga namba tasa kwenye orodha, inazichukua mbilimbili, inaangalia tofauti. Inanipa jozi 5 tu! Imeacha 3 na 5, 29 na 31, 71 na 73. Tena nilitaka ifike milioni moja. Nimeiwasha saa tatu usiku, jogoo wamewika bado inahangaika. Jumatatu wanafunzi watataka jibu.

Fundi wa Nkuhungu
Ukizichukua mbilimbili, 2 inaondoka na 3, basi 5 haimpati tena 3. Linganisha kila namba na inayoifuata, ukisogea hatua moja moja. 5 ndiyo pekee yenye pacha pande zote mbili, maana katika n, n+2 na n+4 lazima moja igawanyike kwa 3.

Mwanachuo wa Chimwaga
Shikamoo mwalimu. Nahisi unaigawa kila namba kwa zote zilizo chini yake. Acha kabisa kugawa, tumia chekeche la Eratosthenes, njia ya kufuta namba zisizo tasa. Weka orodha `tasa` yenye alama milioni moja, zote 1, ila za namba 0 na 1 zifute ziwe 0. Anza na 2, futa vigawe vyake. Nenda 3, kisha 5. Kwa kila namba tasa p anzia kufuta kwenye p mara p, vya chini yake vimeshafutwa na wadogo zake. Ukifika 1,000 simama, kwa sababu 1,000 mara 1,000 ni milioni. Halafu pita kwenye alama:

`if tasa[p] and tasa[p+2]: yield p, p+2`

Hiyo `yield` inakutolea jozi moja moja kadiri unavyoomba, haijazi kumbukumbu ya kompyuta.

Mwalimu wa Mpwapwa
Marahaba, Mungu akubariki! Chini ya 100 zimekuja zote 8, chini ya 1,000 ni 35, na milioni nzima imetoa 8,169 kabla sijamaliza kikombe cha chai. Binti mmoja darasani aliuliza kama jozi hizi zina mwisho.

Fundi wa Nkuhungu
Mwambie hakuna aliyethibitisha bado. Mwaka 2013 mwanahisabati Yitang Zhang alionyesha kuwa jozi za namba tasa zinazopishana kwa chini ya milioni 70 hazina mwisho. Mwaka uliofuata wenzake wakashusha hadi 246. Inatakiwa 2.