Ripoti ya CAG Aprili kelele, Mei kimya. Bunge linakwama wapi?

Mnyalu_Original:
Wakuu habari za jioni. Kila mwaka ni yaleyale, CAG (mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali) anamkabidhi Rais ripoti mwisho wa Machi, Aprili inatua bungeni, mitandao inawaka wiki mbili afu kimyaa. Huku kijijini kuna zahanati imeezekwa tangu niko fomu two, milango hamna, mbuzi ndo wanalala chumba cha sindano. Sasa katiba ibara ya 63 inasema Bunge ndo linaisimamia serikali, mbona hatuoni meno?

mama_mizani:
Meno yapo mkuu, shida wanachelewa kung'ata. Chukua hesabu za 2021/22, mwaka umefungwa Juni 2022, ripoti bungeni Aprili 2023, PAC na LAAC (kamati za Bunge za hesabu za serikali kuu na za halmashauri) wanakuja kuzijadili Novemba 2023, miezi 16 na ushee hiyo! DED (mkurugenzi wa halmashauri) aliyesaini malipo kashahama, injinia kastaafu, anayekuja kuhojiwa anakwambia "mheshimiwa mwenyekiti mimi nina miezi minne tu kituoni". Utamkaba nani? Mi naona hoja ya ukaguzi imfuate mtu mpaka kituo kipya, isibaki kwenye kiti.

Kobe_Mwepesi:
Bunge likitaka linaweza bana. Kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond 2008, kamati teule ya Mwakyembe ilipomwaga ripoti Lowassa akaachia uwaziri mkuu. Kashfa ya fedha za akaunti ya Escrow 2014, PAC ya Zitto, mwanasheria mkuu Werema akajiuzulu, waziri wa ardhi Tibaijuka akatolewa, Muhongo wa nishati akafuata Januari 2015. Afu 2019 Bunge hilohilo likaazimia halifanyi kazi na CAG wa wakati huo, Assad, kisa alisema Bunge lina "udhaifu" 😂 Yani jicho lako mwenyewe unalitia kidole. Hapo hata ukiongeza kamati kumi ni bure, mbunge anaogopa kukatwa kwenye kura za maoni.

diwani_mstaafu:
Mnaongelea Dodoma tu. Mi nimekaa kamati ya fedha ya halmashauri miaka mitano. Kabrasha unapewa asubuhi ya kikao, kurasa mia na kitu, saa nne chai, saa sita tushapitisha. Kukagua mradi tunaenda na gari la mkurugenzi, posho kaidhinisha mkurugenzi, ukifika rangi bado inanuka imepakwa jana. Siku moja nikaomba BOQ (orodha ya vifaa na gharama za ujenzi), nikajibiwa "mheshimiwa hiyo ni ya kitaalamu". Mkaguzi wa ndani nae bosi wake ni huyohuyo DED. Kabrasha lije wiki moja kabla na kamati iwe na fungu lake la kutembelea miradi, mtaona kama hiyo zahanati itakosa milango.

Mnyalu_Original:
Diwani, hiyo BOQ raia wa kawaida kama mimi anaweza kuomba kweli?

diwani_mstaafu:
Unaomba. Andika barua kwa mkurugenzi, taja sheria ya kupata taarifa ya 2016, ana siku 30 za kukujibu. Nakala yako igongwe muhuri wa masjala, usiache hivihivi watakwambia hawajaiona. Na hao mbuzi wapige picha.