Tupeane uzoefu: mapazia ya kushona mwenyewe nyumbani

bintiKigamboni: Habari za humu wakuu. Mwezi uliopita nilishona pazia langu la kwanza, nimepanga chumba kimoja dirisha la nondo, fundi kanitajia bei nikasema hapana nashona mwenyewe kwa mkono. Nikaenda Kariakoo kuchukua marekani, ile rangi ya maziwa wanayodarizia vitambaa vya makochi, nikapima nikakata nikapinda nikatundika, likagusa sakafu safi kabisa. Siku nilipolifua sasa. Limepanda karibu shubiri nzima, utadhani suruali ya shule mwezi wa kumi! Wengine mlifanyaje?

mzeewacherehani: Pole binti. Marekani inakuja na wanga wa kiwandani, kabla hujakata unailoweka usiku kucha, unaanika, unapiga pasi ndo unapima. Halafu upana chukua mara mbili ya dirisha, usipofanya hivyo halina mikunjo linakuwa kama shuka limeanikwa.

wa_Mombasa: Mimi yangu ilikuwa leso, huku kwetu khanga twaita leso. Doti moja ni vipande viwili tayari, kimoja kushoto kimoja kulia, nikakunja juu nikapitisha kamba basi, hata sikukata. Shida nikaelekeza uso wake nje, uani, na jina lake ni MDOMO HUPONZA KICHWA. Jirani yangu akalisoma siku tatu mfululizo akifua nguo, ya nne akanijia mlangoni ati nasema na nani. Wallahi sikuwa na habari. Nikaligeuza, sasa nalisoma mwenyewe nikilala 😂

kahawaMoshi: Gunia la kahawa jamani linapendeza sana sebuleni ila lina kazi. La kwanza nilitundika hivyo hivyo, nyumba nzima tukapiga chafya wiki, mende nao wakahamia. Sasa nalikung'uta nje, nalifua maji ya sabuni mpaka maji yatoke meupe. Kukata ndo kuna ujanja, ukifuata macho litapinda tu, chomoa uzi mmoja kuanzia ukingoni mpaka mwisho, unabaki mstari mwembamba kama njia, fuata huo na mkasi. Kisha pinda pindo haraka maana linafumuka ukiliangalia hivi hivi. Na usilitundike kwenye ule waya wa springi, ni zito, waya unalegea katikati kama kamba ya nguo, mimi nimeweka mwanzi.

bintiKigamboni: Asanteni. Nimefumua pindo la chini nimepata vidole vitatu, bado halifiki

mzeewacherehani: Usihangaike kulivuta, ongeza kipande cha rangi nyingine chini, watu watajua ni fasheni. Na chenyewe kiloweke kwanza.

bintiKigamboni: Hahaha haya baba. Fundi wa chini ya mwembe kanipa mabaki ya kitenge bure, kipo kwenye ndoo saa hizi, maji yameshakuwa bluu.