Muuaji asiyejulikana: kanzidata ya polisi, kuita wanaume wa eneo, au DNA ya ukoo? Nisaidieni kupima

Mnyalukolo
Wakuu, salaam. Niko Minnesota mwaka wa kumi na moja, nimeoa huku, nina mabinti wawili. Mwaka jana mke wangu alinunua vipimo vya DNA vya kampuni ya Ancestry, tukatema mate kwenye vichupa sote wanne, tukatuma kwa posta. Sasa shemeji yangu, mtu wa kupenda sana mambo ya nasaba, anatuomba tupakue mafaili yetu, tuyapandishe GEDmatch, tovuti ya kulinganisha DNA na kutafuta ndugu, na kuruhusu polisi wayatumie kwenye kesi za mauaji na ubakaji. Mke amekubali. Mimi nimeomba muda. Nimesoma usiku nane baada ya kazi, naweka hapa nilichopata, mnikosoe.

Tuchukulie polisi wana damu ya muuaji wasiyemjua. Kwanza wataingia kwenye kanzidata yao, ambayo Marekani inaitwa CODIS. Inasoma sehemu 20 tu za DNA (kabla ya 2017 zilikuwa 13). Zinatosha kabisa kusema ni huyu au si huyu, lakini kama mhusika hajawahi kuingizwa humo, inabaki kimya hata miaka thelathini.

Baadhi ya majimbo huenda hatua zaidi, yakatafuta baba, mwana au kaka wa muuaji humo humo ndani ya kanzidata ya polisi. Hivyo ndivyo Los Angeles walivyomfikia Lonnie Franklin mwaka 2010. Mwanawe alikuwa ameshaingizwa kwa kosa jingine, na askari aliyejifanya mhudumu wa mgahawa akaokota piza aliyoibakiza mzee. Njia ya tatu ni kuita wanaume wa eneo zima watoe sampuli, kama Uingereza mwaka 1987 katika vijiji vya Leicestershire. Wanaume kama 5,000 walipimwa, na Colin Pitchfork, muuaji mwenyewe, akamtuma mwenzake wa kazini akatoe damu kwa jina lake. Alinaswa kwa sababu yule mwenzake alisimulia baa.

Ya nne ndiyo hii ya ukoo. Hapa maabara inasoma alama zaidi ya 600,000, na faili linapandishwa kama vile ni la mteja wa kawaida anayetafuta ndugu zake. Joseph DeAngelo, askari polisi wa zamani aliyeua watu 13 California, alipatikana hivyo Aprili 2018, zaidi ya miaka 30 baada ya kosa lake la mwisho. Mti wa ukoo wake ulianza kwa mababu wa miaka ya 1800.

Kesi iliyoninyima usingizi ni ya Idaho Falls, kwa sababu karibu kila njia ilijaribiwa juu ya kifo kimoja. Juni 1996 binti wa miaka 18 aliuawa nyumbani kwake. Polisi walimhoji kijana aitwaye Christopher Tapp kwa saa nyingi, siku baada ya siku, mpaka akakiri. DNA haikuwa yake. Wakasema basi walikuwa zaidi ya mmoja, na 1998 akafungwa hivyo hivyo. CODIS haikumtaja mtu. Mwaka 2014 wakajaribu kromosomu Y, ile ya kuumeni, kwenye hifadhi ya zamani ya DNA ya Sorenson iliyokuwa imenunuliwa na Ancestry. Alama 34 kati ya 35 zikalingana na mzee mmoja, wakamfuata mwanawe New Orleans, wakamchukua mate, naye akakaa karibu mwezi mzima akisubiri kuambiwa kama yeye ni muuaji. Hakuwa yeye. Ndipo 2019 CeCe Moore, mtaalamu wa nasaba wa kampuni ya Parabon, akajenga mti kutoka GEDmatch, ukaishia kwa Brian Dripps, ambaye 1996 alikuwa akiishi ng'ambo ya barabara. Kipisi cha sigara alichotupa kikalingana. Akakiri. Julai mwaka huo mahakama ikamsafisha Tapp, aliyekuwa ameshakaa gerezani miaka 20. Na aliyempigania kwa miaka alikuwa mama mzazi wa marehemu, baada ya kutazama kanda za mahojiano na kuona jinsi kijana alivyobanwa.

Kwa hiyo mimi naona DNA ya ukoo ndiyo bora, kwa sababu inamnasa mwenye kosa na inamfungua asiye na kosa. Kinachonisumbua ni kwamba ukishaweka faili, polisi wanasoma DNA yako yote na ya watoto wako. Naomba maoni.

Fundi wa Maabara
Mkuu Mnyalukolo, umefanya kazi nzuri, ila hapo mwisho nikurekebishe. Polisi hawalisomi faili lako. Wanapandisha la muuaji, halafu mfumo unawaonyesha orodha: jina ulilotumia, barua pepe, na urefu wa vipande mnavyochangia, unaopimwa kwa sentimogani. Mzazi na mtoto huchangia takriban 3,400. Wajukuu wa mzee mmoja kama 870. Vitukuu kama 230. Vilembwe, yaani watu ambao babu wa babu zao alikuwa mmoja, hubaki na kama 70, na wengine hawachangii kitu ingawa undugu wao ni wa kweli. Mara nyingi wapelelezi huanzia hapo kwa vilembwe. Mashine inawapa uzi tu. Kazi kubwa hufanywa na mtu anayekaa na vyeti vya kuzaliwa, matangazo ya vifo kwenye magazeti ya zamani na daftari za sensa, akipanda juu hadi kwa babu na kushuka tena kwa wazao wote walio hai.

Hapo utaelewa pia kwa nini 2014 walikosea. Kromosomu Y hufuata mstari mmoja tu, baba kwa mwana, na hubadilika polepole mno. Watu wawili wanaweza kufanana alama 34 kati ya 35 huku babu yao wa pamoja alizikwa karne nyingi zilizopita. Alama za pande zote mbili, kuumeni na kukeni, zinakupa kipimo cha umbali.

Na mti haumfungi mtu. Wizara ya Sheria ya Marekani iliweka utaratibu ulioanza Novemba 2019: njia hii ni kwa mauaji, ubakaji na kutambua mabaki ya watu, CODIS ijaribiwe kwanza, na mtu asikamatwe kwa sababu ya mti peke yake. Lazima ipatikane sampuli yake mwenyewe ilinganishwe na ile ya tukio. Ndiyo maana kesi nyingi zina kipisi cha sigara au tishu kwenye pipa la taka.

Binti Pemba
Shikamooni wakubwa zangu. Mimi niko Muscat, naandika kama mtu ambaye familia yake ilipasuka kwa vipimo hivi, na hapakuwa na muuaji wala polisi. Ndugu yetu mmoja alipima kwa kutaka kujua asili yetu tu. Majibu yakasema mzee tuliyemwita ami si ndugu wa baba kwa baba. Bibi yetu alikuwa bado hai. Kwetu tunasema kitanda hakizai haramu, na wazee waliposema hivyo walikuwa wanamlinda mtoto na mama yake kwa pamoja. Kile kikaratasi hakikumlinda mtu.

Kaka Mnyalukolo, wewe unaulizia mate yako, lakini humo kuna dada zako wa Iringa, na kaka zako, na watoto ambao hawajazaliwa. Umewauliza?

Mtoro_Rotterdam
Ile njia ya kuita wanaume umeipitia haraka sana, ndugu. Njoo nikwambie ya Friesland, huku Uholanzi kaskazini. Mwaka 1999 msichana wa miaka 16 aliuawa akirudi nyumbani kwa baiskeli. Karibu na pale palikuwa na kituo cha wakimbizi. Sisi tuliokuja huku kuomba hifadhi tunajua nini kilifuata. Watu wa eneo lile waliwanyooshea kidole wakimbizi, kwa hasira, kwa miaka. Mwaka 2012 sheria ilipobadilika ikaruhusu kutafuta undugu, wanaume kama 8,000 wa maeneo ya jirani waliombwa mate kwa hiari, ili hata kama muuaji hatakuja, binamu yake atakuja. Alikuja mwenyewe. Mkulima wa hapo hapo, mwenyeji, mwenye mke na watoto, akiishi kilomita chache kutoka pale.

Kwangu mimi hiyo ndiyo njia safi kuliko zote. Kila aliyetoa alijua anatoa kwa kesi ipi, na kesi ilikuwa moja. Wale ndugu wa mbali wa DeAngelo, hakuna aliyewauliza kitu.

Nyota Laikipia
Mtoro, ni kweli, lakini wanaume 8,000 wanawezekana kwa vijiji. Jaribu kufanya hivyo Nairobi. Na kuna jambo hujaligusa: ukikataa katika eneo dogo kama lile, unakuwa mshukiwa kesho yake. Hiari gani hiyo?

Mimi ni wakili, nitasema la sheria. GEDmatch yenyewe ilibadilika. Mei 2019, baada ya kelele kuhusu kesi ya shambulio Utah ambayo haikuwa ya mauaji wala ubakaji, iliamua kwamba hakuna faili litakalolinganishwa na la polisi mpaka mwenyewe aruhusu. Vizuri. Lakini mwaka huo huo mpelelezi wa Orlando alipata hati ya jaji akafunguliwa kanzidata nzima, pamoja na waliokataa. FamilyTreeDNA, kampuni nyingine ya vipimo, wao waliwaruhusu FBI, na watu wakaja kujua mwanzoni mwa 2019. Ancestry wanasema hawafungui bila amri ya mahakama. Maryland ilitunga sheria 2021 inayodai ruhusa ya jaji kabla ya kutafuta. Kwa hiyo, Mnyalukolo, unapobofya "ruhusu" au "kataa", usidhani hicho kitufe ni ukuta. Ni ahadi ya kampuni, na kampuni huuzwa. GEDmatch ilinunuliwa na kampuni ya Verogen Desemba 2019, na Verogen ikanunuliwa na kampuni ya Qiagen 2023. Kampuni ya vipimo ya 23andMe ilivamiwa na wadukuzi 2023, taarifa za watu milioni 6.9 zikaguswa, kisha Machi 2025 ikaomba ulinzi wa mufilisi.

Huku kwetu Kenya serikali ilipotaka kuweka DNA kwenye sheria ya Huduma Namba, ile namba moja ya utambulisho, Mahakama Kuu ilikataa, Januari 2020. Niliifuatilia kesi ile siku kwa siku, na ninashukuru mpaka leo.

Kisa cha Mdogo Wangu
Mdogo wangu wa kike aliuawa. Nilimtambua mimi, kwa mkufu. Kulikuwa na ushahidi kwenye nguo zake, tuliambiwa umechukuliwa, na baada ya hapo ni njoo kesho, njoo Jumatatu, mpaka mama akafariki akiuliza. Nawaheshimu wote mliozungumzia siri za nyumba. Lakini ningekuwa na faili la binamu wa mtu yule mkononi mwangu, nisingeuliza ruhusa ya yeyote.

Binti Pemba
Pole sana, ndugu yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu yeye na mama. Sina la kukujibu.

Fundi wa Maabara
Pole mkuu, pole sana.

Naomba niseme jambo gumu. Hata kama ushahidi wa mdogo wako ungesomwa leo kwa alama 600,000, sisi hatumo mle. Utafiti uliotoka kwenye jarida la Science mwaka 2018 ulitumia kanzidata ya watu milioni 1.28, ukakuta karibu asilimia 60 ya Wamarekani wenye asili ya Ulaya wangepata kilembwe mwenzao humo, au ndugu wa karibu zaidi. Mtu wa Njombe au Kitui atapata nani? Angalieni watoto wa Nanyuki waliozaliwa na askari wa Uingereza. Mawakili waliweza kuwapata baadhi ya baba zao kwa hifadhi hizi hizi za biashara, kwa sababu upande wa baba ulikuwa na ndugu Uingereza waliokwisha pima. Wangetafuta upande wa mama wasingeona mtu.

Halafu kuna mitala. Ndugu wa baba mmoja mama tofauti huchangia kiasi kile kile cha mtu na mjomba wake, au mtu na babu yake, kama sentimogani 1,750. Babu mwenye wake wanne na wajukuu sitini, bila vyeti vya kuzaliwa, mti wake utaujenga kwa kuwahoji wazee, au hautaujenga. Kwa hapa Tanzania sheria ya vinasaba ya 2009 imeweka kazi hii chini ya usimamizi wa Mkemia Mkuu wa Serikali, na upimaji mwingi wa kesi ni wa kulinganisha: sampuli ya tukio na mtuhumiwa ambaye tayari mnaye. Kwa sasa hiyo ndiyo njia yetu, na inataka jambo moja kabla ya mashine yoyote: nguo ikaushwe, ifungwe kwenye karatasi si kwenye plastiki, iandikwe na ihifadhiwe. Ushahidi wa Idaho Falls ulidumu miaka 23 kwa sababu kuna mtu aliutunza.

Mnyalukolo
Nimesoma yote mara mbili. Kisa cha Mdogo Wangu, pole kaka, nimekaa na maneno yako jana yote kazini.

Fundi amenifungua macho kwa jambo ambalo sikuliwaza. Mabinti zangu upande wa kukeni hawana kitu ambacho hakimo kwenye faili la mama yao. Akiweka lake, ya kwao hayaongezi chochote upande ule, na upande wangu ni faili langu. Kwa hiyo watoto wasiende. Wakiwa watu wazima wataamua wenyewe. Nimemwambia mke, amekubali bila ubishi, na yeye ameamua kulipandisha la kwake na kuruhusu. Kwanza atazungumza na mama yake na wadogo zake, kwa sababu ndio watakaopigiwa simu.

Faili langu nimelifungua tena. Ndugu wa karibu aliyemo ni mtu wa mbali ambaye hata jina silijui. Leo haliwezi kumsaidia mpelelezi. Lakini Wahehe wako Ohio, wako Texas, watoto wao wanazaliwa huku, na siku moja mmoja wao atakutwa ameuawa au atasingiziwa kuua. Tapp alisafishwa kwa sababu ndugu za Dripps walikuwa humo.

Dada yangu Binti Pemba, umeniuliza kama nimewauliza. Hapana. Kaka mkubwa yuko Kilolo, simu yake hushika akipanda kilimani. Nitampigia Jumapili akitoka kanisani.

Binti Pemba
Na dada zako pia, kaka. Mmoja mmoja, wasisikie kwa kaka.