Mzee kumwita rafiki yake "mpenzi wangu", kosa liko wapi?

Kijana wa Uyole
Wakuu salaam. Juzi tulikuwa Tukuyu kumzika rafiki wa baba yangu, walikuwa wote kazini reli ya TAZARA toka vijana. Wakati wa kuaga mwili baba, ana miaka 78, akavua kofia akaiweka juu ya jeneza akasema "Pumzika mpenzi wangu, umeniacha na nani". Nyuma yangu vijana wakaangua kicheko, mmoja kashika simu anarekodi. Mzee alisikia. Toka siku hiyo hajamtaja tena marehemu. Nyumbani kuna barua aliyoandikiwa na huyo rafiki toka Kapiri Mposhi, Zambia, mwaka 1979, imekunjwa mpaka mikunjo imetoboka, inaanza "Kwa mpenzi rafiki yangu" na inaisha "ni mimi nikupendaye", na humo ndani wanaongelea mbegu za maharage na deni la baiskeli. Sasa niambieni, neno hili wanaume wakiitana lina kosa gani?

Dereva wa Igawa
Pole kwa msiba mkuu. Ila tuseme ukweli, maneno yanahama. Siku hizi mpenzi ni yule unayelala naye, basi. Mimi nikimwita konda wangu mpenzi pale Kabwe sitapata abiria wiki nzima. Tunaitana mwanangu, kaka, mchizi, na upendo upo palepale. Hata hao Wahehe wenye roho ngumu wanakupa kamwene, salamu yao, na safari inaendelea, hawana maneno laini.

Binti Rungwe
Konda unamwita mwanangu, kwani umemzaa? Mbona hapo hakuna anayedhani ulikuwa na mama yake? Redio Tanzania tumekua tukisikia "wapenzi wasikilizaji" na hakuna aliyeposwa. Mpenzi wa Yanga hajaolewa na timu. Ahadi ya TANU ilianza na "Binadamu wote ni ndugu zangu" na hakuna aliyeambiwa alete cheti cha kuzaliwa. Neno linabeba kile mlichokubaliana libebe.

Mnyalu wa Kalenga
Nimekwama hapo kwenye Wahehe wenye roho ngumu. Nani kakwambia? Kamwene sio honi ya lori useme unapita nayo. Kwetu unasimama, unaulizana ya nyumbani, watoto, shamba, mgonjwa kama yupo, ndo unaondoka. Na hilo mnyalukolo mnalotuita kwa kejeli limetoka kwenye lukolo, ukoo, maana yake wewe ni wa kwetu. Kuna neno laini kuliko hilo?

Makambako Njia Panda
Kamwene ni ya Wabena pia, msijimilikishe.

Mnyalu wa Kalenga
Mpaka 2012 mlikuwa mkoa wa Iringa na sikusikia mtu analalamika, mmepewa Njombe yenu sasa mnataka na salamu.

Makambako Njia Panda
Mkoa uligawanywa, lugha haikugawanywa. Bibi yangu alifariki kabla ya huo mkoa na kila asubuhi alikuwa anasema kamwene mlangoni kabla hajawasha moto. Usimvue bibi yangu salamu yake, tafadhali sana.

Dereva wa Igawa
Mnyalu punguza hasira, nina shemeji Ifunda na hajawahi kuninyima chakula, hiyo ya roho ngumu naifuta. Ila dada wa Rungwe uliyemuingiza mama wa watu, heshima kidogo.

Binti Rungwe
Heshima ninayo kaka, ndo maana nasema. Sisi Wanyakyusa zamani mvulana akifika miaka kumi hivi anatoka kwa baba yake, wanajenga vibanda na wenzake, rika moja, kinakuwa kijiji chao na wanazeeka humo pamoja. Neno lake lipo, ukwangala, kukaa na wenzio kwa raha, kula pamoja na kupiga soga. Monica Wilson, mtafiti wa mila, na mumewe walikaa Rungwe miaka ya 1930 na mama huyo aliyaandika sana hayo. Mimi mwenyewe nimemuona babu anatoka mnadani kashikana mkono na rafiki yake, vidole vimeingiliana, mkono wa pili kabeba kuku, na hakuna aliyegeuka kutazama. Leo mngerekodi.

Msomaji wa Mufindi
Na hao wa kurekodi ndo wa kusemwa, jamani. Jeneza liko wazi mtu anatoa simu, kweli?

Dereva wa Igawa
Hapo naungana na wewe, ingawa siku hizi familia yenyewe inakodi mpiga video, sasa utamfukuza nani.

Kijana wa Uyole
Nimewasoma wote, ya kamwene mtaendelea nayo wenyewe. Dereva hujanijibu, baba amuiteje? Rafiki? Rafiki hata wa jana ni rafiki. Ndugu? Ndugu unazaliwa unamkuta, huyu alimchagua. Jana usiku nilimsomea ile barua maana macho yake hayaoni vizuri. Nilipofika kwenye deni la baiskeli akanikatiza, akasema "Hilo mpenzi wangu hakulilipa mpaka leo." Ndo mara ya kwanza kumtaja toka tuzike.

Dereva wa Igawa
Aisee. Msalimie sana mzee, mwambie shikamoo. Baiskeli yenyewe ilikuwa Phoenix au Swala? Baba yangu naye alikuwa na Swala.