Naomba ushauri: akili haitulii hata nikikaa kimya

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada kuhusu kutulia dakika 10 kila jioni. Simu inazimwa na kuachwa chumba kingine, pumzi inavutwa kwa hesabu ya 4 na kutolewa kwa 6, maana kuitoa taratibu ndiko kunakopunguza kasi ya moyo. Dakika 3 za mwanzo ni shwari. Ya 4 tu, mawazo ya kazi yanafumuka kama siafu, taya linakakamaa, hesabu inapotea. Kulala chali ndiyo kabisa, usingizi unanibeba! Kuandika yanayonisumbua kwenye karatasi kabla ya kuanza kumesaidia, ila kidogo.

Je, mawazo yakivamia nianze tena hesabu ya 1, au niyaache yapite? Na kutembea polepole kunaweza kuchukua nafasi ya kukaa?