Fielder inakunywa petroli kupita kiasi. Niiuze nichukue Demio?

Msafiri_Nakuru: Wadau, naombeni ushauri, hata usingizi sipati. Nina Fielder ya 2010, injini ya 1500, otomatiki. Inashuka Kisumu kuchukua samaki na kurudi Nakuru. Risiti ya juzi ni lita 54, kujaza mara moja, kwa safari ya kama kilomita 370 kwenda na kurudi. Hata 7 kwa lita haifiki! Nimebadilisha plagi, oili na chujio la hewa, hakuna kitu. Kuna Demio ya 1300 nimeiona. Niuze?

Fundi_Bondeni: Gari hilo kwa barabara kuu lafaa likupe 13 au zaidi. Fundi wako alitoa themostati, ile vali inayodhibiti joto la injini? Wengi huitoa eti injini isichemke. Sasa injini haipati joto lake, kompyuta inadhani gari limewashwa asubuhi hii, inazidi kumwaga petroli. Angalia pia breki zinazoshika. Gari likifika, sogeza mkono karibu na kila rimu. Yenye moto kuliko nyingine ndiyo inayokula.

Mama_Ahero: Mimi kwa Wish yangu shida ilikuwa keria ya mizigo juu ya paa. Nilikuwa naibeba tupu mwaka mzima, inapiga mluzi kuanzia Awasi. Siku niliyoitoa hata kelele ziliisha, na mafuta yakaanza kubaki. Marehemu mzee wangu na Peugeot 504 yake hakuwahi kufunga keria, na alitulea sote kwa gari hilo.

Mwalimu_Kericho: Tafadhali usijaribu kuteremka ukiwa nyutro ili uokoe mafuta. Kwenye mteremko wa Salgaa tumezika watu wengi kwa tabia hiyo. Halafu huokoi chochote: ukiacha gia ndani na kuondoa mguu, injekta hufunga petroli kabisa. Nyutro ndiyo inayochoma, kwa sababu injini lazima iendelee kunguruma.

Dala_Milimani: Hujasema nani anaendesha.

Msafiri_Nakuru: Anaendesha shemeji, ndugu ya mke wangu. Analeta risiti kila akirudi. Lakini tusiende huko jamani. Ni kijana wa kanisa, na mama mkwe mwenyewe ndiye aliyeniomba nimpe kazi. Swali langu ni Demio. Arubuni nishalipa.

Dala_Milimani: Arubuni ulilipa kabla ya kuuliza?

Msafiri_Nakuru: Kuna mwingine alikuwa anaitaka. Na Demio ni nyepesi, haiwezi kula kama hii.

Kiboko_wa_Hesabu: Huu uzi ni wa kutunga. Tangi la Fielder hiyo ni lita 50. Ikifika pampu lazima kuna kitu kimebaki chini, la sivyo ingesukumwa. Lita 54 ziliingia wapi? Sasa hivi mtamwona akituuzia kile kidude cha eti kuokoa mafuta, cha kuchomeka chini ya usukani.

Fundi_Bondeni: Hicho kidude nimekifungua kimoja. Ni taa za kumetameta tu.

Msafiri_Nakuru: Mimi si mwongo na siuzi chochote. Risiti ninayo mkononi, 54.00. Sikujua ukubwa wa tangi.

Mama_Ahero: Pole mwanangu. Basi kuna mtungi mahali.

Fundi_Bondeni: Au pampu inaandika kisichoingia, usimhukumu kijana bado. Petrol stesheni ukiitilia shaka, watu wa vipimo na mizani wana chombo cha lita 20 cha kuipimia. Lakini anza hivi: jaza mpaka bomba likate lenyewe, rudisha mita ya safari sifuri, nenda Kisumu na urudi, ujaze pampu ile ile. Usipime upande mmoja. Kisumu iko mita 1,100 hivi, Nakuru 1,850, na kati yake unavuka Mau Summit, zaidi ya 2,400. Kurudi na mzigo wa samaki lazima kule zaidi. Mlima huo hata Demio itaulipia.

Msafiri_Nakuru: Nitapanda naye safari ijayo, nimwambie nataka kuliona soko. Mke wangu sijamwambia. Na mwenye Demio amepiga tena, anataka salio.

Fundi_Bondeni: Usimlipe kwanza. Shika bomba wewe mwenyewe, halafu uandike hapa zimeingia lita ngapi.